Sikukuu Kwetu, Siku ya Kazi Chemba

Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba 2023 niliamka saa kumi na moja alfajiri nikashika simu kabla hata ya kutafuta kandambili. Hakuna ujumbe. Siku ya tisa hiyo! Mchumba wangu, mwanaume aliyezoea kuniandikia "umeamkaje" kila asubuhi hata akiwa amekwama kwenye foleni ya Thika Road, alikuwa kimya kama redio iliyoishiwa betri.

Sikufichi msomaji wangu, nililia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba leo ni Siku ya Mashujaa. Kwetu Kenya hiyo ni sikukuu ya taifa. Ofisi zinafungwa, watu wanakwenda kijijini, rais anakagua gwaride, na mwaka ule sherehe zenyewe zilikuwa Kericho. Mimi nilikuwa Chemba, mkoani Dodoma, nina vipindi vinne vya Hisabati na ndoo mbili tupu za maji zinaningoja mlangoni. Hapa ilikuwa Ijumaa tu kama Ijumaa nyingine.

Na kama mambo yangekwenda tulivyopanga, siku ile nisingekuwa Chemba kabisa. Ningekuwa Nyeri kwa wazazi wangu nasukwa nywele, kwa sababu kesho yake, Jumamosi, watu wa mchumba wangu walikuwa waje nyumbani kujitambulisha. Sisi Wakikuyu hatua hiyo tunaiita kumenya mucii, yaani kuja kulijua boma la binti, na bila hiyo hakuna cha mahari wala cha harusi. Wageni walishaalikwa, wazee walishajiandaa, na yote yakavurugika.

Aliyevuruga ni mimi. Kaa nikusimulie.

"Mzungu yuko wapi?"

Nilikuwa na miaka 30, shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia, na ajira ya kuungaunga. Leo nafundisha shule binafsi mkataba wa miezi mitatu, kesho nazunguka mitaani kufundisha watoto wa watu twisheni. Ndipo nikaona tangazo la shirika moja linalotafuta walimu wa kujitolea kwenda Tanzania, mwaka mzima, Januari hadi Desemba 2023. Mshahara hakuna. Kuna chumba, bima ya afya na posho ya kula. Mchumba wangu ndiye aliyekaa na mimi usiku mzima tukajaza fomu. Naomba ulikumbuke hilo, maana mimi mwenyewe baadaye nililisahau.

Nilipanda basi Nairobi, nikavuka mpaka Namanga, nikalala Arusha. Kesho yake nikapita Babati na Kondoa mpaka Chemba. Lami tupu! Wenyeji wanasema nilikuja dunia ikiwa imeshanyooka, maana kabla barabara ya Dodoma hadi Babati haijazinduliwa mwaka 2018, zile kilomita 251 zilikuwa vumbi kiangazi na matope masika. Wilaya yenyewe bado changa, ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Ni nchi ya Warangi, Waburunge na Wasandawe, hao wa mwisho wakiwa na lugha yenye sauti za kudoa ulimi ambazo wanafunzi wangu walinifundisha kwa mwaka mzima bila mafanikio, huku wakicheka mpaka machozi.

Siku niliyoshuka kwenye basi, wazee wawili walikuwa wametumwa kunipokea. Wakaniangalia, wakaangalia nyuma yangu, wakaangalia tena ndani ya basi. "Dada, mzungu mwenyewe yuko wapi?" Kwa fikra za wengi, mwalimu wa kujitolea ni wale vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, ambao walianza kuja tangu 1961 wakati nchi inaitwa Tanganyika. Nikawaambia, "Mzungu ndiye mimi." Tulicheka wote, na jina likanibaki. Hata watoto wa chekechea waliniita Madam Mzungu Mweusi, mpaka walipochoka nikawa Madam Mkenya.

Halafu kulikuwa na Kiswahili changu. Wiki ya kwanza niliingia dukani nikasema, "Nipe sukari nusu." Muuza duka akaniangalia kwa upole kabisa. "Dada, nani kakuudhi?" Kumbe hapa huombi tu chakula cha bure, unaomba hata kile unacholipia. Naomba sukari. Naomba chumvi. Naomba unipishe. Nilijifunza kuomba dukani, sokoni, kisimani. Lakini nilikuwa sijajifunza kumuomba mtu wangu mwenyewe.

Ujumbe wa saa tano usiku

Tarehe ya wageni niliipanga mimi, tukiwa kwenye simu mwezi wa nane. "Mashujaa inaangukia Ijumaa, wikiendi ndefu, kila mtu atakuwa nyumbani. Waje Jumamosi tarehe 21." Akafurahi. Akawaambia wazee wake, wazee wakawaambia wake zao, na mama yangu akaanza kupaka nyumba rangi.

Mimi kwa akili yangu nilikuwa nimesahau kwamba huku sikukuu ya Oktoba ni tarehe 14, Nyerere Day, na tarehe 20 ni kazi kama kawaida. Hata hivyo ningeweza kuomba ruhusa ya siku chache. Tatizo ni kwamba mwezi wa kumi ulipofika, shule ikaanzisha kambi ya kitaaluma kwa Kidato cha Nne. Watahiniwa walilala shuleni, wakasoma asubuhi, mchana na usiku, mpaka mtihani wa taifa wa Novemba. Mwalimu wa Hisabati wa darasa lile alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Kwenda Nyeri na kurudi ni siku nne za barabarani, ukiongeza siku ya wageni na ya kupumua, wiki imekwisha. Mkuu wa shule wala hakunilazimisha. Alisema, "Mwalimu, uamuzi ni wako."

Nikaamua kubaki. Mpaka leo siujutii uamuzi wenyewe. Ninachokijutia ni kilichofuata.

Jumatano tarehe 11, saa tano usiku, niliandika ujumbe: "Babe, tarehe 21 haitawezekana. Nina kambi ya Form Four. Tusogeze Desemba. Waeleze wazee. Nakupenda." Nikatuma, nikazima simu, nikalala. Niliizima makusudi, kwa sababu nilijua atapiga.

Asubuhi nilikuta jibu la neno moja. "Sawa."

Ile "sawa" mwenzangu unaijua. Haina alama ya mshangao, haina kicheko, haina chochote. Nikapiga, haikupokelewa. Mchana nikapiga tena, kimya. Siku ya tatu nikaanza kukasirika mimi! Yaani mimi niko huku jua kali, maji ya kuchota mbali, najitolea kwa watoto wa watu bila mshahara, halafu mwanaume mzima ananinunia kwa ajili ya tarehe? Niliwasimulia marafiki zangu wawili wa Nairobi, na wote wakanipa pole. Mmoja akaniambia kabisa kwamba mwanaume asiyeheshimu kazi yako leo hataiheshimu kesho. Maneno matamu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilimwambiaje, na mimi sikusema.

Makande yaliyotwangwa

Jumamosi ya Nyerere Day nilishinda nyumbani kwa mama mwenye nyumba. Ni Mrangi, mama wa makamo, mikono yake haikai bure hata dakika moja. Alikuwa anachambua ufuta huku akinisimulia siku ile ya 14 Oktoba 1999, aliposikia kwenye redio Rais Mkapa akitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. "Niliacha sufuria jikoni ikaungua," akasema. "Nilihisi kama nimefiwa na baba yangu mzazi." Kisha akanigeukia. "Na nyie Kenya, wakubwa wenu mnawakumbuka lini?"

"Ijumaa inayokuja."

"Mnafanya nini?"

Nikafikiria. Gwaride sijawahi kwenda. Hotuba sijawahi kusikiliza mpaka mwisho. "Kwetu nyumbani tunapika," nikasema. "Shosho wangu alikuwa anapika mukimo."

Shosho ni bibi, mama yake mama. Alifariki mwaka 2015.

"Basi tutapika," akasema mama mwenye nyumba. "Mgeni haachwi na sikukuu yake peke yake kama mgonjwa."

Kama hujui mukimo, ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yakatiwa viazi na majani ya maboga, kisha vyote vikapondwa mpaka vikawa kitu kimoja cha kijani. Mahindi na maharage Chemba yapo. Viazi nililetewa na basi kutoka Kondoa. Lakini majani ya maboga Oktoba utayatoa wapi? Mvua ya mwisho ilikuwa imeshasahaulika, ardhi imepasuka, na mbuzi wanakula hata maboksi. Mama mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga wa kijani uliofifia. Mlenda. Wanawake wa huku huchuma majani yake wakati wa mvua, wakayakausha na kuyatwanga, wakayaweka yawavushe kiangazi kizima.

Nikasita. "Mama, hii itateleza."

"Majani ni majani," akasema.

Tulichemsha Alhamisi usiku na kutwanga Ijumaa mchana, wakati wanaume na wavulana wengi wamekwenda kuswali. Basi nikwambie, kila nikiinua mchi, mukimo unaufuata! Unavutika kama ulimbo. Mama mwenye nyumba akaonja kidole kimoja, akafikiri, akaonja cha pili, akatoa hukumu. "Kumbe ni makande yaliyotwangwa. Sasa kwa nini mlikuwa mnajisifu?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Swali la msichana wa nyuma

Tulibeba sufuria mpaka kambini. Chakula cha siku ile kilikuwa ugali na maharage, na kila mtahiniwa akapata juu yake upawa mmoja wa mukimo unaoteleza. Tulikaa chini ya mti nje ya darasa. Wengine walikula, wengine walichungulia kwanza. Kijana mmoja akauliza, "Madam, sikukuu yenyewe ni ya nini?"

Hapo nikajiona mwalimu wa Historia. Nikawaeleza kwamba tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya, na usiku huohuo viongozi wakaanza kukamatwa majumbani mwao. Sita kati yao walishitakiwa Kapenguria kwamba ndio waliokuwa wakiongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Nilikua tukiiita Kenyatta Day, mpaka Katiba ya 2010 ilipoifanya iwe siku ya mashujaa wote. Kenyatta mwenyewe aliachiwa Agosti 1961. Hesabu iliyobaki nikawaachia wanafunzi wangu wa Hisabati, nao wakaipiga haraka. Karibu miaka tisa.

Kulikuwa na msichana ambaye kila siku alikaa nyuma. Mpole, haongei, lakini daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo miaka yote, wake zao walikuwa wapi?"

Ukimya. Mimi, mtoto wa Nyeri, niliyekariri yale majina sita tangu darasa la nne, nilitafuta kichwani jina la mke mmoja nikampata Mama Ngina tu. Wengine sikuwajua. Nikajisikia aibu. Halafu nikamkumbuka mke mmoja ambaye nilimjua vizuri sana, na mukimo wake ndio ulikuwa kwenye sahani zao.

Nikawasimulia habari za shosho.

Babu yangu alikamatwa Nairobi mwezi wa nne mwaka 1954, katika ule msako mkubwa ulioitwa Operesheni Anvil. Alipelekwa kambi ya Manyani, kisha kambi nyingine na nyingine, akarudi 1959. Shosho alikuwa na miaka ishirini na moja. Mwaka huohuo watu wa kwao waliondolewa kwenye nyumba zao wakasongwa kwenye vijiji vyenye handaki na walinzi, na handaki lenyewe walichimbishwa wao, wanawake, kwa majembe yao. Wakitoka kwenda shambani walihesabiwa saa. Miaka mitano alingoja mume bila kujua kama yuko hai. Mama yangu, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa 1960.

Shosho hakuwa mtu wa kulia. Lakini kila tarehe 20 Oktoba, akiwa anaponda mukimo, alikuwa na maneno yaleyale. "Babu yako walimchukua, mimi wakaniacha ningoje. Hakuna aliyeniuliza kama naweza." Nimeyasikia maneno hayo utoto wangu wote na kuyachukulia kama hadithi za wazee.

Yule msichana alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hata yeye ni shujaa," akasema.

"Ndiyo," nikajibu. Nilitaka kuendelea, sauti ikakataa. Nikajifanya naokota sahani.

Maana nilikuwa nimejisikia mwenyewe nikisema. Hakuna aliyeniuliza. Nikauona ule ujumbe wa saa tano usiku kama vile ameuandika mtu mwingine. Shosho wangu alingojeshwa na serikali yenye bunduki. Mchumba wangu alingojeshwa na mimi, kwa mistari miwili, nikazima simu nisisikie jibu.

Simu ya jioni

Saa kumi na mbili jioni nilitoka kwenda kando ya barabara kuu. Jua lilikuwa linazama, malori ya Kondoa yanapita yamewasha taa. Nikapiga. Iliita mpaka nikadhani inakatika. Akapokea.

"Mambo," akasema. Baridi.

"Sijapiga kukuuliza kwa nini umenuna," nikasema. "Nimepiga kukuomba msamaha. Sio kwa sababu nimebaki. Kwa namna nilivyokwambia."

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Unajua nilikuwa wapi nilipousoma ule ujumbe?"

Sikujua. Kwa siku tisa sikuwa nimejiuliza.

Alikuwa Ruiru, kwa baba yake mdogo, wazee wote wamekaa sebuleni wanahesabu magari na michango ya safari ya Nyeri. Simu ikalia, akasoma, na uso wake ukamsaliti. Baba mdogo akamuuliza mbele ya wote, "Huyu binti anatutaka au hatutaki?" Hakuwa na la kujibu. Akapiga simu yangu palepale ili aniulize, akaikuta imezimwa. Mwanaume wa miaka 33 amesimama barazani usiku anasikiliza sauti ya mashine ikimwambia mteja hapatikani, na ndani wazee wanamngoja.

"Wewe ulinipa taarifa," akaniambia. "Hukuniuliza."

"Kama ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema ubaki na watoto wako. Si mimi ndiye niliyejaza fomu na wewe?"

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipokalia jiwe. Nilikuwa nimeshapanga hoja zote za kutetea kazi yangu mbele ya mtu ambaye hakuwa anaipinga. Mwaka mzima nilitambulishwa kila mahali kama mwalimu wa kujitolea, na nilijivunia hilo neno. Lakini mtu anatoa kilicho chake. Muda wangu ulikuwa wangu, nikautoa. Subira ya mwenzangu, heshima yake mbele ya wazee wake, hiyo haikuwa yangu. Niliitoa sadaka bila kumuomba, kisha nikangoja sifa.

Usidhani tulimaliza palepale kama kwenye sinema. Aliniambia bado ana hasira na atahitaji siku kadhaa, nikamwambia sawa, na safari hii "sawa" ilikuwa sawa kweli. Tulikubaliana jambo moja tu jioni ile, kwamba kitu chochote kinachotugusa wote wawili kisemwe kwa sauti, na simu isizimwe mpaka wote wawili tumemaliza. Kabla hajakata nikamuuliza sikukuu ameilaje.

"Nimepika chapati peke yangu," akasema. "Moja nimeshindwa kuikata kwa kisu."

"Mimi nimepika mukimo wa mlenda."

"Wa nini?"

Tukacheka. Kidogo, lakini tulicheka.

Faini ya mbuzi

Nilimaliza kambi na watoto wangu. Matokeo yalipotoka Januari 2024, wapo waliofaulu na wapo walioanguka, na Hisabati ikabaki kuwa Hisabati. Yule msichana wa nyuma alipata C. Aliniandikia kwa simu ya kaka yake: "Madam, naomba upokee C yangu." Naomba! Niliusoma nikiwa ndani ya matatu na nikawaonyesha abiria nisiowajua.

Wazee walikuja Nyeri Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 2023. Kabla ya salamu hazijaisha, baba mdogo wa Ruiru alisimama akasema wao walialikwa Oktoba wakafungiwa mlango, kwa hiyo upande wetu unadaiwa mbuzi. Baba yangu akataka kubisha. Nikamuomba, mbele ya watu, mbuzi huyo anunuliwe kwa pesa yangu. Wazee wakapiga makofi, na baba mdogo akaniangalia kwa jicho jipya. Harusi tulifunga Agosti 2024.

Sasa sikukuu zetu za Oktoba ni mbili. Tarehe 20 tunakula mukimo wa majani ya maboga, ule wa shosho. Tarehe 14, Nairobi wakiwa kazini kama kawaida, sisi jioni tunapika ugali wa uwele na mlenda unaotumwa kwa basi kutoka Chemba. Kwetu hapa jengoni hakuna mwingine anayejua ni siku gani. Mume wangu bado anapigana na mlenda. Anainua tonge, unavutika, anazungusha mkono mara tatu na bado haukatiki.

Wewe unayesoma, pengine una safari mbele yako: masomo, kazi ya mbali, mkataba wa mwaka mmoja unaong'aa. Nenda. Lakini usiku wa leo kabla hujalala, ule ujumbe uliouandika ukasita kuutuma, ufute, upige simu. Na ukishapiga usitangaze. Uliza, halafu unyamaze usikie.

Mwaka jana tarehe 14 nilimpigia mama mwenye nyumba kumwambia tumekula. Swali lake lilikuwa moja.

"Umevutika?"

"Umevutika, mama."

"Na mwenzio ameula?"

Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza. Akamaliza kutafuna kwanza ndipo akajibu, na mimi nikamngoja.